Binti wa Kwenye Tangazo

Mimi ni dereva, na dereva wa gari la matangazo hana kazi ya kuongea. Kazi ya kuongea ilikuwa ya Mama Spika. Mimi nilishika usukani, nikaenda mwendo wa konokono na kutukanwa na kila aliyekuwa nyuma yangu, huku spika mbili zilizofungwa juu ya bodi zikinitoboa masikio mwaka hadi mwaka. Siku hizi mke wangu akitaka kunisengenya hana haja hata ya kunong'ona.

Nataka kumweleza yule mama kama nilivyomjua mimi. Mtaani wamebaki na habari moja tu juu yake, tena wanaisimulia kwa midomo ya kubetua, na mimi jambo hilo linanikera.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyoweza kumtoa mtu bafuni na povu kichwani aje kusikiliza bei ya ndoo. Hakusoma karatasi hata siku moja. Wenye maduka walimletea maneno yaliyochapwa vizuri, akayakunja, akajipepea nayo. "Watu hawasikilizi bidhaa, Dereva," aliniambia siku ya kwanza tulipofanya kazi pamoja. "Wanasikiliza habari za mtu. Wape mtu na shida yake, watasimama hata kama wana mizigo kichwani."

Basi kila tangazo lake lilikuwa na mtu ndani. Tukitangaza magodoro, palikuwa na jirani aliyeamka mgongo umepinda. Tukitangaza dawa ya mba, palikuwa na kijana aliyekimbiwa na mchumba kwa kujikuna mbele ya wakwe. Na mtu huyo alikuwa wa kweli sikuzote. Mama Spika alimbadilisha kazi, akamhamisha mtaa, akaacha jina, lakini shida aliichukua kama ilivyo. Fundi viatu wa pale kona alisikia harufu ya kinywa chake mwenyewe ikipita barabarani kwenye tangazo la dawa ya meno, akagoma kushona ndala za Mama Spika kwa muda mrefu. "Nimekutaja jina?" Mama Spika alimuuliza. "Sikukutaja! Sasa unanuna nini?" Tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa sekondari, ambaye sote tulimwita Kibonge kwa sababu alizaliwa na mashavu ya kujaa viganja viwili. Siku ninazozisimulia jina lilikuwa limebaki na unene umekwenda zake. Mama yake alisema ni kurefuka, wasichana wakirefuka hukonda. Baba alishahamia kwa mke mwingine na alikuwa hodari wa kutuma salamu. Mama na binti walikaa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua, kitanda cha mama huku, cha binti kule. Nakijua chumba kile vizuri, maana kila jioni nilibeba amplifaya nikaiingiza ndani isije ikaibiwa.

Ndipo ikaja kazi ya kituo cha afya. Wakati ule vidonge vikali vya maumivu vilikuwa vimeingia mtaani, na watoto walivimeza kama pipi. Kituo kilifungua chumba cha vijana. Aliyekisimamia alikuwa muuguzi mmoja, dada mpole ambaye sote tulimwita Nesi. Alitaka vijana waje wakae naye wazungumze, bila kuulizwa majina na bila wazazi kuitwa.

"Naomba usiwatishe, mama," Nesi alimwambia Mama Spika, ameinama kwenye dirisha la gari. "Waambie tu yupo mtu wa kuwasikiliza. Ukiwatisha watajificha zaidi."

"Mwanangu, watoto wa sasa hawaogopi kitu," Mama Spika akamjibu. "Lazima kwanza uwatie hofu, ndiyo masikio yafunguke."

Akawatia hofu kweli. "Wewe unayemeza vidonge, kaburi linakuita!" Tukazunguka na kaburi letu mtaa mzima. Vijana wa pale panapooshwa magari walishika chupa tupu wakazifanya maiki, wakatufuata nyuma wakipiga kelele, "Kaburi linakuitaaa!" Hata mimi nilitamani kushuka nijiunge nao. Chumba cha Nesi kilibaki kitupu. Siku moja mchana mwenyewe akaja garini, akasema kwa adabu zote kwamba kama ni hivi, bora tuzime.

Mama Spika alirudi nyumbani amenuna. Yaliyotokea huko ndani alinisimulia mwenyewe baadaye, tena si mara moja, na kila mara alilia mahali palepale.

Alikuwa amekaa kitandani anajaribu maneno mapya, anayatamka kwa sauti. Kutoka upande wa pili wa pazia binti yake akasema, "Mama, hawatakuja."

"Nani amekwambia?"

"Unawaambia watakufa. Anayemeza anajua vinaua. Hamezi kwa kutojua."

"Anameza kwa nini basi, kama si uhuni?"

Pazia likasogea, Kibonge akatokea na sare yake ya shule, anakunja ukosi na kuukunjua. "Mimi nilianza kwa tumbo," akasema.

Mama Spika aliniambia kwamba mkono wake ulishapanda. Alikuwa mama wa kofi kwanza, maswali baadaye. Lakini alipouona uso wa mtoto, mkono ukashuka wenyewe, akasogea kitandani akampisha akae. Akanyamaza. Mwanamke yule ambaye hata ndotoni alitangaza, alifunga mdomo akasikiliza.

Binti akatoa yote. Maumivu ya kila mwezi, yale ya kumkunja chini. Rafiki yake wa darasani akampa nusu ya kidonge, maumivu yakatulia, na kitu kingine pia kikatulia, ule uzito wa kifuani uliokuwapo tangu baba aondoke. Ikawa anameza hata tumbo lisipouma. Siku ile alipoanguka mstarini asubuhi, walimu wakasema ni njaa na mama akaitwa aje na uji, haikuwa njaa. "Nisipomeza natetemeka, Mama," akasema. "Nataka kuacha, sijui nianzie wapi. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," Mama Spika akamjibu, akamkumbatia. Mtoto akalala fofofo, kama aliyekuwa hajalala mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu mpaka hapo alikuwa amefanya sawasawa. Nesi mwenyewe alisema hivyo baadaye. Mama asiye na mafunzo yoyote alikaa, akanyamaza, akamwacha mtoto aseme mpaka mwisho. Kilichobaki kilikuwa kumshika mkono waende pamoja pale kituoni. Tangu kwake hadi pale hata jasho halikutoki.

Asubuhi alikuja garini macho mekundu. "Nimepata tangazo," akasema.

Tulipandisha vioo kama kawaida yetu, akafunika maiki kwa taulo, nikawasha mashine ya kurekodi. "Kuna binti mmoja, sitamtaja. Si mhuni. Ni mtoto mzuri, ana adabu, anapenda shule. Alianza kwa tumbo la kila mwezi. Rafiki akampa nusu ya kidonge, akijua anamsaidia. Leo asipomeza anatetemeka. Siku moja alianguka mstarini mbele ya wenzake, wakadhani ni njaa. Anataka kuacha, hajui aanzie wapi. Wewe uliye kama yeye, hujapotea. Njoo kituoni, hutaulizwa jina." Katikati sauti ilimkatika. Mimi nikadhani ni ufundi. Nikamwambia, "Leo umejipita mwenyewe, Mama Spika." Akakunja taulo.

Nilimuuliza baadaye, ilikuwaje? Ulimwahidi mtoto. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa lugha ngeni. "Sikumtaja jina, Dereva." Miaka yote ya kazi yake huo ndio ulikuwa mpaka. Usipotaja jina hujamsema mtu. Halafu akaongeza jambo ambalo mpaka leo linanichoma: usiku kucha alitafuta neno la kumwambia mwanawe, hakulipata. Maneno yalimjia pale tu aliposhika maiki.

Na lilikuwa tangazo zuri, wacha niseme kweli. Vijana wa kuosha magari walifunga maji wakasimama kimya. Mama mmoja alitoka na mwiko mkononi akabaki mlangoni. Mimi nikakunja kona kuelekea barabara ya shule, kwa sababu ndiko tulikotumwa, na ulikuwa wakati wa mapumziko.

Wanafunzi walikuwa wamejaa kwenye uzio. Walipoisikia ile sauti baadhi yao walianza kuiga kaburi, kisha wakaacha, wakasikiliza. Spika zikasema, "Siku moja alianguka mstarini," na nikaviona vichwa vinageuka. Kimoja, halafu vitatu, halafu vyote, upande mmoja, kama darasa zima linapomgeukia aliyeingia amechelewa. Walikuwapo siku ile. Wote walimwona akianguka. Pale vilipoelekea vichwa alikuwa amesimama Kibonge na mkate mkononi.

Mpaka dakika ile sikujua binti wa kwenye tangazo ni nani. Nikazima, na kuzima kukawa vibaya zaidi, kwa sababu katika ule ukimya mtu mmoja alicheka.

Kibonge alitoka getini taratibu, akaja mpaka dirisha la mama yake. "Ulisema humwambii mtu."

"Sikukutaja jina, mwanangu. Sikukutaja!"

Mtoto akaweka mkate wake juu ya boneti, vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaondoka. Hakukimbia. Mama Spika alibaki kakodoa macho, maiki iko mapajani. Hapohapo simu yake ikalia, na kwa kuwa aliipokea bila kufikiri nilimsikia Nesi akipiga kelele za furaha upande wa pili. "Mama, sijui umewafanya nini, lakini wamekuja! Benchi limejaa, wengine wamesimama nje!" Mama Spika akasema asante, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Tulirudi kwake. Pazia limefungwa, nyuma yake hakuna mtu, mkoba wake haupo. Tukaenda kwa shangazi yake, hayupo. Tukampigia baba yake, akatuma salamu. Jua likaanza kushuka na Mama Spika akanyoosha mkono kwenye maiki. "Washa. Nimwite. Sauti yangu ataijua popote alipo."

Nikachomoa waya. "Humwiti kwa hii."

Alinipiga ngumi za bega na kunitukana mimi na ukoo wangu wote, na nikamwacha, maana nilijua hasemi na mimi. Alipochoka tukashuka tukaenda kwa miguu. Bila spika sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kujua. Alisimama kwenye milango ya watu akiuliza, "Samahani, mmemwona mwanangu?" na watu wakamjibu kwanza kwa macho. Mwanamke mmoja akauliza, "Ni yule wa kwenye tangazo?" Hakuwa na nia mbaya. Jina lile limemganda mtoto hadi leo.

Kwenye kona ya mafundi cherehani msichana mmoja alitujia mbio huku analia. Alikuwa yule rafiki, mwenye nusu ya kidonge. "Yuko kwetu," akasema. "Alikuja na vidonge vyake. Nimemwamsha, haamki."

Kilikuwa chumba cha nyuma ya duka la nguo, godoro chini. Kibonge alikuwa amelala ubavu na sare yake, viatu amevipanga mlangoni pamoja. Nilimbeba. Hakuwa na uzito wa kusema, na mimi ndiye niliyekuwa namtania alipokuwa mdogo kwamba atanivunja mgongo. Tukamlaza kiti cha nyuma katikati ya nyaya, na gari lile ambalo halijawahi kukimbia likakimbia. Watu walitupisha huku wanatega masikio, wakidhani tunatangaza kitu. Nyuma yangu Mama Spika alikuwa anampiga mwanawe makofi madogo ya shavuni, "Kibonge, mama, fumbua macho. Kibonge. Fumbua macho nikuone."

Madaktari walifanya kazi yao, mtoto akapona. Alipofumbua macho mama yake alimwinamia, akaanza, "Nisamehe mwanangu, mimi nilitaka..." Kibonge akageukia ukutani.

Basi ikawa hivyo. Aliporudi nyumbani alijibu alichoulizwa, kwa heshima, neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Sijambo. Nimekula. Pazia likabaki limefungwa. Mama Spika alitania, akagomba, akalia, akapika vitu vizuri. Ilikuwa kama kugonga nyumba iliyohamwa. Aliacha kazi ya matangazo, akaanza kufua nguo za watu. Nesi alipojua binti wa kwenye tangazo alikuwa nani, alikaa chini, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Chumba chake kilikuwa kimejaa vijana kwa sababu ya tangazo lile, hakujua afurahi au afanye nini.

"Usimbane kwa maswali," alimwambia Mama Spika. "Kaa karibu. Siku akitaka kusema, akukute."

Akakaa. Nilipopita kumjulia hali nilimkuta upande wake wa pazia, mikono mapajani, mdomo umefungwa, na upande wa pili kitanda kikilia mtoto anapogeuka. Siku moja alinisindikiza mpaka nje akanishika shati. "Dereva, akienda kuoga napekua mkoba wake. Sioni kitu, na bado siamini. Nikimuuliza, ataficha. Nisipomuuliza, siku moja nitaamka nikute ameondoka kabisa. Nifanye nini? Niambie wewe." Nikaingia garini, nikashika usukani. Mimi ni dereva.

Asubuhi moja nilikwenda kuchukua waya wangu uliokuwa umebaki kwake. Tulikuwa tumesimama mlangoni tunauzungusha, yeye ameshika ncha ile, mimi hii. Ndani, nyuma ya pazia, tukasikia, "Mama."

Waya ukamponyoka.

"Abee, mwanangu."

"Jana mimi..." Pazia likasogea, Kibonge akatokea. Midomo ilikuwa imemkauka na alikuwa anatetemeka, tena haikuwa baridi.

"Sema, mwanangu. Nakusikiliza. Naapa, safari hii, mbele ya huyu Dereva naapa..."

Kibonge alimtazama. Alimtazama muda mrefu, wala si kwa chuki, na nadhani chuki ingekuwa nafuu. "Kwako siwezi, Mama," akasema. "Nipeleke kwa Nesi."

Niliona ilivyompiga. Alishika ukingo wa mlango, akasema, "Haya. Vaa kandambili." Nikawapeleka, mtoto nyuma, mama mbele.

Kituoni vijana waliokuwa kwenye benchi walisogea wakampisha Kibonge nafasi, bila kumkodolea macho. Nesi alipofungua mlango, Mama Spika naye akainuka. "Peke yangu," binti akasema. Mlango ukafungwa.

Ni mlango wa mbao nyembamba. Kwanza hatukusikia kitu, halafu ikaanza sauti ya Kibonge, chini chini, halafu ikapanda, ikaendelea, ikaendelea. Tangu siku ile ya mkate hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Mama Spika alikuwa ameinama mbele, shingo imenyooka, sikio limeelekea mlangoni. Maisha yake yote alikula kwa sikio lile. Kila shida iliyopita karibu yake aliidaka, na sasa iliyokuwa ndani ilikuwa ya mwanawe, aliyemzaa mwenyewe, na angesogea hatua moja tu angejua kama mtoto amemeza tena, angejua kama atamkuta kesho.

Akainuka. Akapita mbele ya vijana wale, akatoka nje hadi bombani karibu na geti, ambako malori yanapita na mtu hasikii hata jina lake. Nikamfuata. Alikuwa amenipa mgongo, ameshikilia bomba kwa mikono miwili.

"Umesikia chochote?" akaniuliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimesikia. Maneno machache, kabla sijainuka, na hayo sitayaandika hapa wala popote.

"Hapana," nikamwambia.

"Vizuri," akasema, na akalia palepale mpaka mlango ulipofunguliwa.